Kila Jumamosi Juu ya Bati

Kaeni, wapendwa, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni, nafasi ipo, huku mbele hatuumi mtu. Kabla sijasema lolote nataka wote mtazame juu. Juu, mama, tazama juu. Hapana, si mbinguni, huko tutafika kwa neema. Mimi nasema hapa karibu, kwenye bati. Mnaliona? Tangu tulipolichangia, nani kati yenu amewahi kukaa akalifikiria? Hakuna. Bati likifanya kazi yake halina msemaji, lakini livuje siku moja tu, kila mtu anakuwa fundi.

Basi nisikilizeni.

Kule milimani, kwenye mashamba ya tangawizi, alikuwako mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Jina lake tuliache, kwa sababu watu wote walimwita Mwalimu, hata mkewe alimwita Mwalimu, iwe mezani, iwe akiwa mgonjwa kitandani. Mtu safi. Mtu wa saa. Kengele ya kanisa ikichelewa dakika mbili, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtazama mpiga kengele kwa jicho lile mnalolijua. Alijenga nyumba yake taratibu, mwaka ukuta, mwaka madirisha, na mtoto wake wa kiume, Eliamani, alipoingia darasa la tatu, Mwalimu akang'oa nyasi zilizokuwa juu na kuezeka bati.

Siku ile walipomaliza, fundi alishuka, akajifuta jasho kwa kofia yake, akasema, "Mwalimu, hili bati ukilitunza litakuzika wewe, na wajukuu watalirithi."

Ukilitunza. Neno hilo likamwingia Mwalimu. Sasa ninyi mnawajua walimu: ukimwambia mwalimu neno moja kama hilo, analifanyia ratiba.

Kila Jumamosi, akishakunywa uji, Mwalimu alitoa ngazi na kuiegemeza kona ileile karibu na mlango wa jikoni. Alivaa viatu vyake vyeusi vya kufundishia. Mkewe alimwambia siku za mwanzo, "Si upande pekupeku, baba?" Akamjibu, "Mwalimu mkuu apande juu ya nyumba bila viatu, majirani wanione nyayo?" Na viatu vile, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutunza, alikuwa amevipeleka kwa fundi viatu vikapigiliwa kipande cha chuma kila kisigino, visiliwe upande mmoja. Vilidumu miaka mingi. Alivisifia hivyo viatu kuliko watu wengine wanavyosifia ng'ombe.

Basi anapanda. Ko, ko, ko, kutoka kona ya jikoni mpaka juu kileleni, ko, ko, ko, kurudi. Anafagia majani. Anazoa matope kwenye mfereji wa maji. Tusimcheke, hapo alikuwa anafanya vema kabisa, maana majani yakilowa juu ya bati yanakaa na unyevu wake wiki nzima, na hapo kutu inapata makazi. Ni wangapi humu ndani ambao mifereji yao imeota nyasi? Usimtazame jirani yako, mimi nimekuuliza wewe.

Akimaliza kufagia anatoa nyundo. Msumari ulioinuka anaupiga. Msumari ambao haujainuka anaupiga pia, mara moja, kwa tahadhari.

Halafu anashuka. Na hapa sikilizeni vizuri. Anashuka na nyundo bado iko mkononi, anasimama uani, anasema, "Haya. Sasa ninyi." Watoto wanatoka. Wanasimama mstari mmoja, Eliamani na dada zake wawili. Madaftari. Kucha. Masikio. Kitanda kimetandikwaje. Mtoto amepata tisini, anaulizwa, "Kumi zimekwenda wapi?" Mtoto hana kosa lolote, anaambiwa neno moja hivihivi, kwa tahadhari.

Msiseme nimesema alikuwa katili. Hakuwa katili. Aliwapenda watoto wake mno. Usiku wa homa yeye ndiye aliyekesha. Ada aliitafuta hata kwa kujinyima nguo. Lakini kama mngewauliza wale watoto baba yao anatoa sauti gani, wangewajibu: ko, ko, ko.

Miaka ikaenda. Mabinti wakaolewa mbali. Eliamani akasoma, akapata kazi ya kutibu mifugo wilaya nyingine huko tambarare. Mara ya mwisho alipokuja likizo, Jumamosi moja, Mwalimu alishuka kwenye ngazi akamkuta mwanawe, mtu mzima mwenye mshahara na ndevu, amekaa uani anakunywa chai. Akamwambia, "Haya. Nawe umefikia wapi na maisha?" Akaanza kumkagua. Kiwanja umenunua? Bado? Wenzako je? Na hizi ndevu ni za nini? Eliamani alijibu yote kwa adabu, akamaliza chai yake. Kesho yake akasafiri. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kuja. Akipiga simu, anampigia mama yake. "Msalimie Mwalimu." Basi. Miaka sita.

Na miaka hiyohiyo bati likaanza kuvuja.

Mwalimu alishangaa, jamani! Akasema duka lilimpunja, lilimuuzia bati jepesi kwa jina la bati zito. Kisha akasema ni ngedere, wanaruka juu wakifuata mahindi, akawawekea mitego, hakunasa hata mmoja. Kisha akalitazama parachichi la Mama Nakiete, jirani yake, tawi lake limeinamia upande wa nyumba yake. Akasema hilo ndilo! Maparachichi yanadondoka juu ya bati langu! Mama Nakiete akamwambia, "Lakini Mwalimu, tawi hili halifiki hata ukutani kwako, na paa langu liko chini ya mti huohuo, lina umri mkubwa kuliko lako, na halivuji." Mwalimu hakusikia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akasema na kusema, mpaka mti ukakatwa. Mama Nakiete alisimama pale akiuangalia unaanguka.

Masika yakaja. Nyumba ikavuja zaidi.

Basi Mwalimu akafanya nini? Akaongeza bidii. Kila palipovuja alipanda akapaka lami, akapiga nyundo, akashuka. Wiki ijayo panavuja pembeni yake. Anapanda tena. Mwisho akawa anapanda Jumamosi na Jumatano. Chumba kilichovuja kuliko vyote kilikuwa kile cha pembeni ya jikoni, cha Eliamani. Matone yalidondoka katikati ya kitanda. Wakakisogeza. Yakakifuata.

Hapo ndipo simu ikaja. Mama Eliamani alitoka nayo uani, mkono mmoja kifuani. "Mwalimu, anakuja. Anakuja Pasaka. Na mke wake. Na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa kwake! Ana miezi minane. Wa kiume."

Mwalimu akakaa. Hakujua kwamba ana mjukuu. Hebu fikiri, wewe babu uliyeko hapa, mjukuu wako ana meno mawili na hujui kama amezaliwa. Ilimuuma. Alitaka kusema neno kali, likafika kwenye meno, kisha akakumbuka chumba. Akainuka, akaenda kusimama katikati ya kile chumba, akatazama juu. Silingibodi ilikuwa na madoa ya kahawia, kubwa hili, dogo lile, na moja lilikuwa bichi.

Mkewe akaja akasimama mlangoni. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyasema. "Mwalimu, mimi nakwambia. Mtoto huyo akilowa kitandani usiku wa kwanza, Eliamani hatasema kitu. Atamfunika mtoto, atasubiri kukuche, ataondoka. Na hatutamwona tena mpaka siku ya kuzikana."

"Nitapanda leo," Mwalimu akasema.

"Usipande! Kila ukipanda kunavuja zaidi. Mimi namwita fundi."

Wiki tatu kabla ya Pasaka, fundi yuleyule aliyeezeka akaja. Amezeeka kidogo, tumbo limemtangulia. Mwalimu akamtolea ngazi, akaiegemeza kona ya jikoni. Fundi hata hakuigusa. Aliomba maji ya kunywa, akakaa kwenye kigoda, akaulizia habari za ng'ombe, habari za tangawizi, habari za mwenyekiti. Mwalimu akaanza kuchemka.

"Fundi, hupandi?"

"Nasubiri jua likae utosini."

Saa sita ilipofika, akasema twende ndani. Wakaingia kwenye kile chumba. Fundi akafunga mlango, akafunga na dirisha, akaonyesha kile kidirisha cha kupitia kwenda darini. "Panda humo, Mwalimu. Mimi tumbo langu halipiti, tusidanganyane."

"Nipande darini nikatafute nini? Bati liko nje!"

"Nje umekaa miaka ishirini na moja. Umeona nini?"

Mwalimu akaweka kiti juu ya meza, akainua kidirisha, akajivuta mpaka ndani ya dari, kwenye joto na utando wa buibui. Giza. Akakaa kimya, akitweta. Na macho yalipozoea, akaona. Bati lote juu yake lilikuwa jeusi, na katika ule weusi kulikuwa na vitundu vya mwanga, kimoja hapa, kingine pale, vingi kuliko alivyodhani. Palipopakwa lami napo pamepasuka, mwanga unachungulia pembeni.

Wapendwa, mnajua hilo? Tundu la bati ukilitafuta kwa nje hulioni, bati linang'aa, linakuumiza macho. Tundu linaonekana kwa ndani, gizani, ukiwa umenyamaza.

Fundi akauliza kutoka chini, "Unaona?"

"Naona. Mengi."

"Yamezagaa bati zima?"

Mwalimu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hapana. Upande wa sebuleni hakuna hata moja. Kwenye chumba chetu hakuna."

"Yamekaaje basi?"

"Yamekaa... yamekaa kwenye mstari."

"Mstari mnyoofu?"

"Siyo mnyoofu sana. Yanakwenda mawili mawili. Moja huku, moja huku."

"Yameanzia wapi?"

Fundi akasubiri. Mkewe aliyekuwa amesimama nje ya mlango akasubiri. Kuku akapita uani akilialia, wakamsikia mpaka akaishia nyuma ya nyumba.

"Mwalimu. Yameanzia wapi?"

"Pale ninapoegemeza ngazi," Mwalimu akasema.

Na fundi, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, hakucheka. Alisema tu, "Shuka, tuzungumze."

Wakakaa uani. Fundi akamwomba kile kiatu, akakigeuza, akakigongagonga kisigino kwa ukucha. "Hiki ndicho ngedere wako," akasema. "Bati halikatai kukanyagwa, Mwalimu. Linakataa kukanyagwa mahali pasipo na mbao chini yake. Ukifuata mstari wa misumari, hapo kuna mbao, panakubeba. Ukikanyaga katikati, bati linabonyea, linarudi, linabonyea, linarudi, na kila likirudi linaulegeza msumari. Wewe ukauona umelegea, ukaupiga. Ule msumari una kipande cha mpira chini ya kofia yake, ndicho kinachozuia maji. Ukipiga kiasi, mpira unakaa. Ukipiga kupita kiasi, mpira unapasuka, na bati linafanya kibakuli kuzunguka msumari, maji yanakusanyika humo. Misumari mingine humo juu ilikuwa mizima kabisa. Umeivujisha wewe kwa nyundo."

"Mimi nilikuwa nalitunza," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua. Ungekuwa hulitunzi ningekuonea hasira."

"Na parachichi?"

Fundi akatazama upande wa Mama Nakiete, kwenye kile kisiki. Mwalimu naye akatazama kisiki, na hakuhitaji jibu.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Fundi alileta kijana mwembamba aliyepanda pekupeku kwa kufuata mstari wa misumari, wakabadilisha mabati mawili, wakang'oa misumari iliyopondwa wakaweka mipya yenye mpira mzuri, wakapaka rangi palipokwaruzwa. Kabla ya kuondoka, fundi akamwachia maagizo: "Mara mbili kwa mwaka, basi. Kabla ya masika, na baada yake. Majani yatoe kwa fagio la mpini mrefu ukiwa kwenye ngazi. Ukilazimika kupanda, vua viatu. Kanyaga palipo na mbao. Msumari ukishakaa, iweke nyundo chini."

Mwalimu akaandika yote kwenye daftari. Mwalimu ni mwalimu.

Lakini usiku ule hakulala vizuri, na hakuwa anawaza bati. Alikuwa anakumbuka ule mstari uani, watoto watatu. Akamwambia mkewe, "Mama Eliamani, hivi Eliamani alikuwa akipata tisini, ni kweli nilikuwa nauliza kumi?" Mkewe akamjibu, "Mara moja alipata mia. Ukamuuliza mbona mwandiko mbaya." Mwalimu akageukia ukutani.

Alhamisi Kuu Eliamani akaja. Mke wake mpole, anatoka pwani huko, kabila ambalo Mwalimu hakulitarajia. Mtoto mgongoni. Ndevu bado zipo, na zimeongezeka. Mwalimu aliyaona yote, maana jicho la miaka arobaini ya ukaguzi halifumbwi kwa siku moja. Maneno yakaja, moja baada ya jingine, na yeye akayameza, moja baada ya jingine. Akasema, "Karibuni. Poleni na safari. Mpeni mtoto maji." Akambeba mjukuu, mjukuu akamshika pua. Mkewe alikuwa jikoni akichungulia, haamini.

Ijumaa mchana mvua ikanyesha, ile mvua ya kwetu ambayo mkizungumza lazima mpige kelele. Mwalimu alisimama kwenye mlango wa kile chumba, akitazama juu. Dakika tano. Dakika kumi. Silingibodi kavu. Mtoto amelala fofofo katikati ya kitanda. Mwalimu akamshukuru Mungu pale pale mlangoni, kimoyomoyo, na macho yakamlowa. Akasema ndani yake, sasa yamekwisha. Tumepona.

Mngeniacha niishie hapo, mngefurahi, eh? Paa limepona, mtoto mkavu, amina, twende tukale. Subirini.

Ikafika Jumamosi.

Mwalimu aliamka kama kawaida yake, akanywa uji. Akatoka uani, akaiona ngazi. Tangu fundi aondoke ilikuwa imeegemea palepale, kona ya jikoni. Akawaza, Eliamani akiamka akaiona hii atadhani nataka kupanda. Afadhali niifiche nyuma ya zizi kabla hajaamka. Wazo zuri au baya? Zuri kabisa. Akavua viatu, akaviacha kizingitini, asipige kelele. Akaishika ngazi, ngazi ndefu, peke yake, mzee. Ikamponyoka kidogo ikakwaruza ukuta, ikagonga bati. Ko.

Alipoinua kichwa, mlango ulikuwa wazi. Eliamani amesimama, amevaa shati la safari, begi begani. Nyuma yake mke wake anamfunga mtoto mgongoni kwa haraka, hajui kwa nini anaharakishwa.

"Mnakwenda wapi?" Mwalimu akauliza.

Eliamani hakumtazama usoni. "Tumesikia ngazi, Mwalimu."

Hilo tu. Tumesikia ngazi.

Mwalimu alisimama pale na ile ngazi mikononi. Angeweza kusema, mimi nilikuwa naiondoa kwa ajili yako! Angeweza kusema, mbona huna shukrani, paa nimelitengeneza, siku mbili nzima sijakuuliza neno! Na lingekuwa kweli. Lakini hiyo ingekuwa nyundo nyingine, na safari hii aliuona msumari kabla hajaupiga. Alielewa, palepale, kwamba yeye amevua viatu asubuhi hii, lakini mwanawe bado anazisikia zile ko, ko, ko zote za miaka ile, na matundu hayazibiki siku unapovua viatu.

Akasema, "Sipandi, mwanangu. Naiondoa." Akaiegemeza ngazi begani. "Nilikukanyaga sana. Nilidhani nakutunza. Nisamehe."

Eliamani akashusha macho, na hapo ndipo alipoona miguu ya baba yake. Miguu mitupu, myeupe kwa kukosa jua, vidole vimepindishwa na miaka ya viatu vyeusi, imesimama kwenye tope la mvua ya jana. Maisha yake yote hakuwahi kuona nyayo za baba yake nje ya nyumba.

Akaweka begi chini. Hakusema nimekusamehe, na mimi sitawaongezea maneno ambayo hakuyasema. Alikwenda akashika upande wa pili wa ile ngazi. "Ni nzito hii, baba," akasema. "Tuipeleke wapi?"

Mwalimu alikuwa amepanga nyuma ya zizi. Lakini akatazama kile kisiki cha parachichi ng'ambo ya ua, akasema, "Tumpelekee Mama Nakiete. Akiihitaji anayo. Na mimi nina neno la kumwambia."

Wakaibeba, mmoja mbele mmoja nyuma, wakavuka ua.

Sasa sisi.

Sisi tuliokaa hapa chini ya bati letu. Leo sikuja kuwahubiria wazembe, wale wana siku yao, na mifereji yao nimeiona. Leo nasema na sisi wenye bidii. Sisi tunaokagua. Mama unayemkagua mkamwana wako kila akifunua sufuria. Baba ambaye watoto wanazima kicheko wakisikia unafungua geti. Mzee wa kanisa unayejua madhambi ya kwaya nzima kwa majina. Na mimi mchungaji wenu pia, maana mke wangu ameketi pale mbele, na nikijiruka ataniumbua nyumbani. Tunasema tunawatunza. Na kweli tunawatunza! Lakini hebu tuulizane: mbona panavuja mahali pale tu tunapopita kila siku?

Tukiulizwa, tunalo jibu. Shule imewaharibu. Simu imewaharibu. Mji umewaharibu. Tumekwisha kukata miti ya majirani wangapi?

Siwaambii msikemee. Anayesema mchungaji amekataza kuonya watoto, hakusikia. Paa lisilotazamwa linaoza, na mtoto asiyeonywa vilevile. Nasema panda kwa wakati wake. Kanyaga palipo na mbao, yaani pale ambapo chini ya neno lako kuna upendo ambao yeye mwenyewe anaujua, si upendo unaoujua wewe peke yako moyoni mwako. Na msumari ukishakaa, ndugu yangu, umekaa. Amekiri kosa, ametubu, wewe unapiga tena cha nini?

Na kabla ya kupanda kwa mtu yeyote, ingia kwanza darini kwako. Funga mlango. Nyamaza mpaka macho yazoee. Mungu atakuonyesha, na ukiona mstari, usiogope kuufuata mpaka ulipoanzia.

Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujauliza chakula kiko wapi, kabla hujauliza nani kaacha taa inawaka, vua viatu mlangoni. Watashangaa. Pengine mmoja wao atakuwa ameshashika begi. Usimkasirikie. Simama hapohapo na miguu yako mitupu, umpe muda aitazame.

Tuombe.